Sifa za Vyuo Vikuu: Ushahidi au Uvumi?

Ndugu wasomaji, katika darasa yetu ya usiku wa Alkhamisi tuliulizwa suala ambalo kwa dhahiri yake ni la dunia, na kwa undani wake ni la dini. Twapenda kulijibu hapa kwa urefu kidogo, kwani twajua kwamba aliyeliuliza si peke yake mwenye kulifikiri.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa haya na wa maneno machache, alibaki msikitini baada ya wenziwe kuondoka, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vyuo vikuu vya Marekani vinavyofundisha ilimu ya takwimu, kila kimoja na namba yake. Mwanawe amemaliza shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu hapa Kenya, naye amepata barua mbili za kukubaliwa huko Marekani. Ya kwanza yatoka katika idara iliyo juu kabisa ya karatasi ile, nayo ni ya shahada ya pili, ya miaka miwili, na ada yote ailipe mwenyewe. Ya pili yatoka katika idara iliyoandikwa baada ya hamsini, nayo ni ya udaktari: hapana ada, na kijana atapewa posho kwa kuwasomesha wanafunzi wa chini. Hii ndiyo desturi ya huko katika fani za hisabati, kwamba anayesomea udaktari mara nyingi husomeshwa na chuo, na anayesomea shahada ya pili mara nyingi hujilipia.

Mzee ana shamba la minazi alilorithi kwa babake. Akatuuliza: "Sheikh, niliuze shamba nimpeleke kwenye namba ya juu, au nimwache aende kwenye namba ya chini, watu waje waseme mwanangu amekwenda chuo kisicho na jina?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba muhula, kwani tuliona kuwa hatuwezi kutoa hukumu juu ya namba ambazo hatujui zimetoka wapi. Tumelitafuta jambo hili kwa kadiri ya uwezo wetu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kuvipanga vyuo kwa namba si jambo la jana. Mwaka 1925 Raymond Hughes, aliyekuwa mkuu wa Miami University katika jimbo la Ohio, alitoa kijitabu cha kuvipima vyuo vya Marekani kwa masomo ya juu. Njia yake ilikuwa nyepesi: aliwauliza wanavyuoni wa kila fani wavipe daraja vyuo vinavyofundisha fani yao. Mwaka 1966 Allan Cartter alitoa kitabu kikubwa zaidi kwa niaba ya American Council on Education, naye pia msingi wake ulikuwa ni kuuliza watu. Kisha U.S. News & World Report, ambalo zamani lilikuwa gazeti la kila wiki, likaanza kuvipanga vyuo mwaka 1983, na hatimaye orodha zake zikawa ndizo zinazobebwa mifukoni na wazazi wa dunia nzima, kama alivyobeba mzee wetu.

Sasa zingatia, ndugu msomaji, jinsi orodha ya madaktari wa hisabati na takwimu inavyofanywa na watu hawa. Mkuu wa kila idara na msimamizi wake wa masomo ya juu hupelekewa karatasi yenye majina ya idara za fani yao, akatakiwa aipe kila idara alama kutoka 1, ambayo ni dhaifu, hata 5, ambayo ni bora kabisa. Asiyeijua idara ana mahali pa kuandika kuwa haijui. Alama hukusanywa, ukatolewa wastani, na wastani huo ndio unaozaa namba. Hapana kingine kilichohesabiwa: si vitabu vilivyoandikwa, si wanafunzi waliohitimu, si posho wanayopewa, si kazi walizozipata. Na wengi wanaopelekewa karatasi hiyo hawairudishi. Tena wastani wenyewe huandikwa kwa sehemu za kumi tu, basi idara nyingi hukutana mahali pamoja, na sehemu moja ya kumi yatosha kuiteremsha idara ngazi kadhaa.

Basi namba ile ambayo mzee wetu aliidhania kuwa ni mizani, kumbe ni ushahidi. Ni maneno ya watu juu ya watu. Na sisi tuliosoma katika vyuo vyetu vya kale twajua kwamba ushahidi una masharti yake, na ya kwanza ni kuwa shahidi akijue anachokishuhudia.

Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alitaka kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), naye Umar akataka aletewe mtu anayemjua. Akaja mtu akamsifu kwa uadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yake ajuaye kuingia kwake na kutoka kwake? Je, amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirham? Je, amewahi kusafiri naye? Yule mtu alipojibu la kwa yote matatu, Umar akamjulisha kuwa basi hamjui. Huenda alimwona msikitini tu, akiinama na kuinuka.

Tukichukua kipimo hiki tukakiweka juu ya karatasi ya alama, twaona nini? Mkuu wa idara ya takwimu katika California aulizwa habari za idara iliyo maili elfu mbili mbali naye. Hakuwahi kuwa jirani yao. Hakusoma kwao wala hakusomesha. Labda alikutana na wawili katika mkutano, akasoma makala ya wa tatu, na jina la chuo alilisikia tangu utotoni. Huyu amewaona wakiinama na kuinuka. Kubwa kuliko hayo ni kuwa orodha ya zamani amekwisha kuiona, na hapana budi iliyomo kichwani mwake imuongoze mkono. Basi sifa ya jana huizaa sifa ya leo, kama mtu apigaye ukelele pangoni kisha akausikiliza mwangwi wake akadhani ni mtu wa pili amsadikishaye.

Pale mahali pa kuandika "siijui" pana heshima kubwa kuliko watu wanavyodhani. Imam Malik, ambaye watu walimfungia safari kutoka nchi za mbali, yasimuliwa kuwa aliulizwa masuala 48, na katika 32 akajibu kuwa hajui. Wala daraja yake haikupungua kwa hilo. Na Qur'ani katika Surat al-Israa imetukataza kuyafuata tusiyo na ilimu nayo, ikatukumbusha kuwa sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Twaona kuwa katazo hili lamhusu mwenye kutia alama, na lamhusu vile vile mwenye kuuza shamba kwa alama hiyo.

Huenda mtu akasema: hao ni wenye gazeti, nao wanatafuta wasomaji, je, wanavyuoni wenyewe hawakujaribu kupima kwa haki? Walijaribu. Baraza la utafiti la Marekani, liitwalo National Research Council, lilitoa vipimo vya masomo ya udaktari mwaka 1982, na tena 1995, na mara ya tatu mwezi wa Septemba 2010. Hii ya tatu ilikuwa ni kazi kubwa mno: masomo zaidi ya 5,000, katika fani 62, kwenye vyuo vikuu 212. Zilihesabiwa makala, na kunukuliwa kwake, na posho za wanafunzi, na muda wanaokaa mpaka kuhitimu. Hata hivyo, habari zilizokusanywa mwaka 2006 zilitoka mwaka 2010, na kulipoonekana makosa ikabidi hesabu zisahihishwe mwaka 2011.

Katika kazi hiyo yamo mambo mawili ambayo kila mzazi ingempasa kuyajua. La kwanza, wale watu hawakuthubutu kuipa idara namba moja. Waliipa kila idara masafa, kwa mfano kusema kuwa idara fulani yaweza kuwa popote baina ya 12 na 30, kwa sababu hesabu yenyewe haikuwaruhusu kusema zaidi. Watu wengi hawakuipenda amana hii. Walitaka waambiwe nani wa kwanza na nani wa pili. La pili, uzito wa mambo waliupata kwa njia mbili. Njia moja ilikuwa ni kuwauliza wanavyuoni: ni mambo gani yaifanyayo idara kuwa bora? Njia ya pili ilikuwa ni kuwapa idara kadhaa wazitie alama, kisha kutazama kwa hesabu ni mambo gani yaliyouongoza mkono wao. Majibu hayakulingana. Ukubwa wa idara, yaani wingi wa madaktari inaowatoa, ulikuwa na uzito mkubwa katika alama za mkono, na ulimi haukuutaja kuwa ni jambo kubwa. Watu wa ilimu, walio wakweli katika fani zao, waliulizwa wanathamini nini wakajibu jambo moja, na walipohukumu wakahukumu kwa jingine. Hatuyasemi haya kwa kuwacheka, kwani ni nani kati yetu ambaye mkono wake na ulimi wake hufuatana daima?

La ajabu ni kwamba watu waliotangulia kutuonya juu ya orodha hizi ni wenye fani ya takwimu wenyewe. Mwaka 1996 Harvey Goldstein na David Spiegelhalter, wanavyuoni wa takwimu wa Uingereza, waliandika juu ya kuzipanga skuli na hospitali kwa namba, wakaeleza kuwa shaka iliyomo katika hesabu hizo ni kubwa hata mara nyingi haiwezekani kusema kwa yakini kuwa hii ni bora kuliko ile. Basi kijana wa mzee wetu ataka kwenda kusoma ilimu ambayo miongoni mwa mafunzo yake ni kuwa asiitegemee karatasi iliyompeleka.

Mpaka hapa tumesema juu ya shahidi asiyejua. Lakini pana na ubaya wa pili, mkubwa kuliko huo, nao ni shahidi mwenye kufaidika. Maadamu namba yaleta wanafunzi na mali na fahari, hakosi kutokea mtu wa kuivuta mizani kwa kidole.

Chuo kikuu cha Columbia, mjini New York, kiliandikwa kuwa cha pili katika Marekani yote katika orodha ya Septemba 2021. Orodha hii ni ya chuo kizima, nayo hutumia hesabu ambazo vyuo vyenyewe huzipeleka. Mwezi wa Februari 2022 Michael Thaddeus, mwalimu wa hisabati katika chuo hicho hicho, alitangaza kuwa amezipima hesabu za chuo chake na hazikusimama. Chuo kilisema kuwa asilimia 82.5 ya madarasa yake yana wanafunzi wasiofika 20. Yeye kwa kuhesabu darasa moja moja alipata baina ya asilimia 62.7 na 66.9. Baadaye chuo kilikiri kuwa baadhi ya hesabu zake hazikuwa sahihi, na katika orodha ya Septemba 2022 kikaanguka mpaka cha 18. Mwaka uliofuata kikatangaza kuwa hakitapeleka tena hesabu zake kwa wapangaji. Mtu huyu si wa dini yetu, walakini alifanya tunaloamrishwa sisi katika Surat an-Nisaa: kusimama na haki japokuwa ni juu ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Na kwa kuwa tumeamrishwa hivyo, haitufai kutaja aibu ya New York tukanyamaza juu ya Jeddah. Mwezi wa Oktoba 2014 wenye orodha hizo walitoa kwa mara ya kwanza orodha ya vyuo vya dunia nzima, na katika hisabati chuo kikuu cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah kikaandikwa cha saba duniani, mbele ya Cambridge. Orodha hii haikutegemea maoni ya watu peke yake, bali ilihesabu sana makala na kunukuliwa kwake. Si ajabu kwa Mwislamu kufurahi akisikia habari kama hiyo, na sisi pia tungefurahi, lau si kwamba mambo yake yalikuwa yamekwisha kuelezwa tangu Desemba 2011 katika jarida la Science la Marekani. Chuo hicho kilikuwa kikiwaandikia wanavyuoni wa nchi za nje ambao kazi zao hunukuliwa sana, na kuwapa mkataba wa dola 72,000 kwa mwaka, kwa sharti la kuja Jeddah wiki chache na kulitia jina la chuo kuwa ni mahali pao pa pili pa kazi. Basi makala zilizoandikwa California au Ulaya zikahesabiwa Jeddah. Lior Pachter, mwanachuoni wa hisabati aliyekuwa Berkeley wakati huo, naye alipata kualikwa kwa mkataba huo, na orodha ya 2014 ilipotoka aliyaandika mambo hayo hadharani.

Haki yataka tutaje na hoja yao. Wenye chuo walisema kuwa wageni hao huja kusaidia utafiti na kuwafungulia njia walimu na wanafunzi wa pale. Hilo ni jambo jema, na kumwajiri mwalimu mgeni ni halali isiyo na shaka; miji yetu ya pwani yote ilipata ilimu kwa walimu wageni. Lakini mwalimu aliyekuja Lamu au Mombasa alikaa. Aliwasomesha watoto, akazika maiti, akaoa, akafa pakawa na kaburi lake. Kilichonunuliwa kwa dola 72,000 si mwalimu, bali ni jina lake katika hesabu. Na Mtume (S.A.W.) amemfananisha mtu anayejipamba kwa kitu asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo. Hadithi hiyo ilikuja kwa sababu ya mke aliyetaka kumwonyesha mke mwenziwe kuwa amepewa na mume asichopewa. Nasi twauliza, je, si ndiyo hali ya chuo kinachoshindana na chuo mwenzake?

Ugonjwa huu haukubaki Jeddah. Mwaka 2023 kampuni ya Clarivate, ambayo kila mwaka hutoa majina ya wanavyuoni wanaonukuliwa sana, iliiondoa fani ya hisabati katika orodha yake, kwa kuogopa hila za watu kunukuliana ili kuzipandisha hesabu zao. Hisabati, ilimu ambayo haikubali uwongo hata wa nukta moja, ikawa ndiyo iliyoshindwa kupimwa.

Hapo kijana mmoja katika darasa yetu alitupinga, na hoja yake ina nguvu, hatutaificha. Alisema: "Masheikh wetu, mwasema kuwa sifa ni uvumi, lakini uvumi huo ndio unaofungua milango. Mwenye kazi hatazami nani alimsomesha mtu. Hutazama jina la chuo." Nasi twakubali kuwa amesema kweli kwa sehemu kubwa. Mwaka 2015 Aaron Clauset na wenziwe wawili walitoa utafiti juu ya walimu wa vyuo vikuu vya Marekani katika fani tatu, mojawapo ni ilimu ya kompyuta, wakaona kuwa robo tu ya vyuo ndivyo vilivyowatoa baina ya asilimia 71 na 86 ya walimu wenye kazi za kudumu. Mwenye kumwambia mzee wetu kuwa jina si kitu atakuwa anamdanganya.

Lakini tuutazame utafiti huo wahusu nini. Wahusu watu waliosoma udaktari katika vyuo hivyo, walioshikwa mkono na mwalimu kwa miaka mitano au sita. Haukusema neno juu ya aliyelipa ada akakaa miaka miwili akapata shahada ya pili. Jina ni lile lile mlangoni, lakini ndani vyumba ni mbali mbali. Tena watuambia mlango uko wapi, hautuambii nani amejua. Mambo haya mawili watu wetu huyachanganya: kufunguliwa mlango na kuwa na ilimu. La kwanza ni riziki, na mtu aweza kuitafuta kwa njia za halali, na jina la chuo ni mojawapo. La pili ni amana, na haliwezi kukopwa kwa mtu mwingine. Mtu akijua kuwa ananunua mlango, na bei aijua, na mali ni yake, hatuna la kumharimishia. Tunalolikataa ni kuuza shamba kununua mlango huku umeambiwa kuwa unanunua ilimu.

Wala tusijifanye kuwa haya ni ya Wamarekani peke yao. Hapa Kenya tulikuwa tukizipanga skuli kwa namba kila mwaka mitihani itokapo, mpaka mwaka 2014 Wizara ya Elimu ilipotangaza kuliacha jambo hilo. Na kila mmoja wetu asikumbuke mbali, akumbuke malalamiko ya wakati ule, kuwa kuna skuli zilizowaandikisha watoto dhaifu katika kituo kingine ili wasiiteremshe namba. Mtoto aliyehitaji kufundishwa zaidi akawa ndiye wa kufichwa. Na katika madrasa zetu, ni wazee wangapi wanaouliza mwalimu ni nani na amesoma kwa nani? Wengi huuliza madrasa gani ina jengo jipya, na ipi iliyochukua kombe katika mashindano. Zamani mtu akitoka safari ya kutafuta ilimu hakuulizwa amesoma wapi. Aliulizwa amesoma kwa nani, na kitabu gani, na kama alikimaliza. Ijaza yake ilikuwa ni neno la mtu aliyemjua kwa jina, aliyemsikia akisoma herufi kwa herufi. Njia hiyo ilikuwa na upungufu wake, na sisi tumekuwa tukiusema upungufu huo katika kurasa hizi; lakini shahidi wake alikuwa jirani.

Basi tulipokutana tena na mzee, pamoja na kijana wake, tulimwambia hivi. Namba hizi zina faida moja: zaweza kukuonyesha kuwa idara fulani ipo, na kuwa wenye fani wameisikia. Baina ya idara ya 5 na ya 55 huenda pana tofauti ya kweli, hatulikatai hilo. Baina ya ya 20 na ya 30 msikose usingizi. Zaidi ya hapo, waulizeni mashahidi wenye kujua, kwa masuala matatu ya Sayyidna Umar.

La kwanza ni la jirani. Kijana awaandikie wanafunzi walio pale sasa, si wakuu wa chuo, awaulize: mwalimu mwenye jina huonana nanyi, au humwona katika karatasi tu? Wa shahada ya pili husomeshwa na nani? Mtu akiwa na shida mlango gani hubisha?

La pili ni la safari. Katika walioingia pamoja, wangapi wamefika? Walichukua miaka mingapi? Katika udaktari wa huko, mwanafunzi hupewa mitihani mikubwa baada ya mwaka wa kwanza au wa pili, na asiyefaulu huenda akatolewa na shahada ya pili tu. Basi na aulize wangapi hutolewa, na waliomaliza wako wapi leo.

La tatu ni la dinari na dirham. Posho ni ya miaka mingapi, na imeandikwa katika barua au imetajwa kwa mdomo? Yatosha kwa kodi ya nyumba katika mji ule? Mwalimu akihama itakuwaje? Na kwa ile idara ya namba ya juu: ada yote hata mwisho ni kiasi gani, na pana mtu yeyote wa shahada ya pili anayesaidiwa?

Idara itakayojibu masuala haya kwa uwazi imejishuhudia yenyewe. Ile itakayojibu kwa kuonyesha namba yake haijajibu.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo hatukulitazamia. Alisema kuwa shamba si lililomtia hofu. Lililomtia hofu ni maneno ya watu arusini na mazikoni, watakapomuuliza mwanawe yuko chuo gani. Tukamwambia kuwa hapo sasa amelitaja suala lenyewe, na kuwa hilo halina dawa katika orodha yoyote. Mwenye kufanya jambo la ilimu ili watu waseme, watasema, na hilo ndilo litakalokuwa fungu lake. Nasi tulipomwambia hayo tulijikumbuka wenyewe, kwani hata anayeandika kurasa kama hizi hasalimiki na kupenda kusikia kuwa zimesomwa.

Kijana aliandika barua zake mbele yetu, moja kwa kila upande, na masuala yale yale katika zote mbili. Tunapoandika haya jibu moja limekuja, kutoka idara ile ya baada ya hamsini, lenye majina ya wanafunzi watatu wa kuulizwa, jingine twalingojea. Hatukuuchukua upesi wa jibu kuwa ni ushahidi, kwani walio wengi hupata barua nyingi, na uadilifu wataka nao wapewe muda wao. Shamba halijauzwa. Mzee amesema kuwa atakata shauri baada ya barua zote kufika, na kuwa atakayelikata pamoja naye ni mwanawe, kwani ndiye atakayekwenda.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amwongoze katika lililo na kheri naye, na atupe sisi sote ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kupenda kusifiwa kwa tusilolifanya. Wa billahi tawfiq.